Wimbo wa nne, upande wa pili: Blondie na albamu yao Parallel Lines

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga drams wa bendi ndogo hapa Mwanza, tunapiga harusini na hotelini. Mjomba wangu ameniachia santuri zake, na mojawapo ni Parallel Lines ya Blondie. Anasema bendi ile ilikuwa ya panki, ile roki ghafi ya kasi na kelele, ikauza roho yake kwa disko ndipo ikatajirika. Mimi nikiisikiliza sisikii disko, isipokuwa kwenye wimbo mmoja tu. Nimesikia pia kwamba drams za wimbo huo ni mashine. Ni kweli? Na albamu hii ilitengenezwaje hadi ikauzika namna ile? Nauliza kwa sababu prodyuza wetu ameturudisha wimbo mmoja kutwa nzima, nami nimebakiza kidogo tu nimcharaze kwa fimbo za drams.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza ziweke chini hizo fimbo. Kuna mwanamuziki wa Blondie aliyefikia hatua hiyohiyo, tena kwa chombo kizito zaidi, na tutamfikia.

Mjomba wako ana nusu ya ukweli, na nusu yenyewe ni ile ndogo. Blondie ilianza New York mwaka 1974, ikiwa na mwimbaji Debbie Harry na mpiga gitaa Chris Stein, waliokuwa wapenzi. Kijiwe chao kilikuwa CBGB, klabu nyembamba iliyokuwapo mtaa wa Bowery, yenye vyoo vilivyosifika kwa uchafu. Ramones, Television na Talking Heads walipiga hapohapo. Wote waliitwa panki kwa kuwa walitokea mlango mmoja, lakini hawafanani hata kidogo. Ramones walipiga kama watu wanaowahi daladala ya mwisho. Television walinyoosha magitaa mpaka unadhani ni jazi. Blondie wao walipenda zile nyimbo tamu za vikundi vya wasichana vya miaka ya 1960, na kinanda chao kililia kama cha kwenye sinema za bei rahisi. Baadaye waandishi na makampuni ya santuri wakawapa bendi za aina hii jina jingine, wimbi jipya: watu waliopita mlango wa panki bila kutupa utamu wa pop wala vinanda vya umeme. Kwa hiyo anayesema Blondie waliacha panki wakahamia kwenye utamu hajasikiliza albamu zao mbili za kwanza. Utamu ulikuwamo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni unadhifu.

Albamu hizo mbili, ya 1976 na ile ya mwanzoni mwa 1978, zilitayarishwa na Richard Gottehrer. Nje ya kwao walianza kujulikana: Australia wimbo wao mmoja ulifika nafasi ya 2 mwaka 1977, na Uingereza "Denis" nao ukafika nafasi ya 2 mapema 1978. Nyumbani Marekani, kimya. Bendi inashangiliwa London, ikirudi New York ni watu wa kawaida tu. Lebo yao, kampuni ya santuri ya Chrysalis, ikaamua kuwatafutia prodyuza mwingine.

Aliyeletwa ni Mike Chapman, Mwaustralia aliyepata jina Uingereza. Yeye na mwenzake Nicky Chinn walikuwa wamewatungia Sweet, Mud na Suzi Quatro nyimbo zilizopanda chati moja baada ya nyingine. Mwaka huohuo wa 1978 nyimbo mbili alizotayarisha, moja ya kundi la Exile na moja ya Nick Gilder, zilishika nafasi ya 1 Marekani. Huyu hakuwa mtu wa panki. Kwake wimbo una kazi moja, kumnasa msikilizaji kabla hajageuza shingo, na kitu chochote kinachochelewesha jambo hilo hukatwa. Debbie Harry hakumkaribisha kwa furaha. Wao walikuwa watu wa New York, yeye alikuwa amekwisha kuhamia Los Angeles, na miji hiyo miwili inatazamana kama Simba na Yanga.

Wakaingia studio ya Record Plant, New York, Juni na Julai 1978. Inaelezwa kwamba walitengewa miezi 6, wakamaliza kwa wiki 6. Usidhani kumaliza mapema ni dalili ya kulegeza. Chapman aliwakuta watu wenye vipaji ambao hawajui kukaa pamoja kwenye pigo. Jukwaani CBGB hilo halikuwa tatizo, maana kelele, moshi na bia vilifunika. Mkanda wa studio haufuniki kitu. Akawafanya warudie, na warudie tena, kipande kwa kipande, hadi gitaa na drams vianguke mahali pamoja. Inasimuliwa kwamba Nigel Harrison, mpiga besi, alichoshwa na marudio hayo mpaka akamrushia Chapman sinthesaiza, kile kinanda cha umeme cha kutengenezea milio. Sinthesaiza, kijana wangu! Wewe na fimbo zako bado mstaarabu.

Hapa inafaa nikuambie jambo kwa sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi. Bendi zetu zilipokwenda kurekodi Redio Tanzania enzi zile, zilipiga kwa mkupuo: bendi nzima chumba kimoja, tarumbeta zikiwa mbali kidogo na maikrofoni, na mtu akikosea mnaanza upya wote. Ule ulikuwa ufundi wa aina yake, nami sitaudharau mpaka naingia kaburini. Ufundi wa Chapman ulikuwa mwingine. Alijenga wimbo kama fundi mwashi: msingi kwanza, ukauke, halafu tofali juu ya tofali. Kompyuta ya kuvuta drams zako zilizochelewa na kuzirudisha kwenye mstari haikuwapo. Ukikosea, unapiga tena.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe, "Heart of Glass", na swali lako la mashine.

Stein na Harry waliutunga katikati ya miaka ya 1970. Waliurekodi kwa majaribio mwaka 1975 kwa jina "Once I Had a Love", na kati yao waliuita tu wimbo wa disko. Yaani walipokuwa bado wanapiga CBGB mbele ya watu waliovaa makoti ya ngozi yaliyotoboka, wimbo wa disko walikuwa nao mkobani. Waliujaribu kwa mitindo tofauti, rege ikiwemo, ukagoma. Chapman alipowataka wampigie nyimbo zote walizonazo, huu ulikuwa miongoni mwa zile za mwisho kabisa, karibu wautoe kwa aibu. Yeye akaukamata. Akamuuliza Debbie Harry ni mwimbaji gani anayempenda kwenye muziki wa wakati ule, naye akamjibu Donna Summer, nyota wa disko. Basi Chapman akaona njia.

Hapo ndipo mashine inapoingia. Mwaka 1978 kampuni ya Roland ilitoa kisanduku kinachoitwa CompuRhythm CR-78, chenye mapigo yaliyopangwa tayari, ya mambo, ya rumba na mengineyo, vitu ambavyo mpiga kinanda wa hotelini angevitumia akikosa mpiga drams. Ule mlio wa tiki-tiki-taka unaousikia mwanzoni kabisa, kabla bendi haijaingia, ndio wenyewe. Wakaubana pamoja na sinthesaiza, mashine ikituma mapigo na kinanda kikiyafuata, ndiyo maana sauti ya chini inatetemeka kwa usawa ambao kidole cha mtu hakiwezi.

Lakini drams ni za mtu. Ni Clem Burke, aliyefariki Aprili 2025, na kwa maoni yangu ni mmoja wa wapiga drams waliopunjwa sifa kuliko wote wa kizazi chake. Yeye kwa asili alikuwa mpigaji wa fujo, mwenye kujaza kila upenyo kwa tamtam na matoazi, mwanafunzi wa Keith Moon, yule mpiga drams wa The Who. Chapman akamketisha mbele ya mashine isiyochoka na kumwambia aifuate. Kisha akamtenganisha na drams zake mwenyewe: ngoma kubwa ya mguu, ile kiki, ikarekodiwa peke yake kwanza, na vyombo vingine vikafuata baadaye. Hebu jaribu leo jioni. Kanyaga kiki peke yake dakika nne, mikono ukiwa umeikunja, kliki, ule mlio wa kuhesabia pigo, ikikugonga masikioni. Dakika ya pili mguu utaanza kukimbia, ya tatu utaanza kuvuta. Mimi nimewahi kumfanyia hivyo kijana mmoja miaka nikiwa fundi mitambo wa studio fulani hapa Dar, akanyanyuka akaenda kununua sigara na hakurudi mpaka kesho yake.

Kwa hiyo jibu ni hili: mashine ipo, na Burke yupo juu yake, na utamu wa wimbo uko kwenye mvutano wa hao wawili. Mashine haijui kupunga mkono. Burke anajua, ila amekatazwa, na unaweza kumsikia akijizuia.

Halafu kuna ujanja ambao wewe kama mpiga drams lazima uutafute. Katikati, pale sauti inaponyamaza na vyombo vinabaki peke yake, kuna mahali pigo moja linaporwa. Unahesabu nne, nne, ghafla mguu wako umechelewa na bendi imeshakupita. Wimbo wa kuchezea disko, wenye mtego wa namna hiyo ndani! Watu wanaotaka kuuza roho hawawekei wachezaji shimo sakafuni.

Nyimbo nyingine 11 za albamu ile zinastahili makala yake kila moja, nami nitagusa chache tu. Ule wa kwanza, "Hanging on the Telephone", si wao walioutunga. Ni wa Jack Lee, aliyekuwa na kundi dogo la Los Angeles liitwalo The Nerves, lililoutoa mwaka 1976 bila mafanikio. Blondie waliupata kwenye kaseti kutoka kwa shabiki wao wa Los Angeles, na inasemekana waliuamini siku waliyousikiliza ndani ya teksi jijini Tokyo, dereva asiyejua Kiingereza akaanza kugonga usukani. Jack Lee naye amesimulia kwamba Debbie Harry alipompigia kumwomba ruhusa, alikuwa amekaukiwa, anasubiri kukatiwa umeme na simu siku hiyohiyo. Wimbo wa simu umemwokoa mtu asikatiwe simu. Ule mlio wa simu unaoanza ni wazo la Chapman, na ni mlio wa simu za Uingereza. Mmarekani anayeusikia anajua mara moja kwamba si wa nyumbani kwao.

"Sunday Girl" Stein aliuandika akimfariji Harry kwa kupotelewa na paka wake. "One Way or Another" umetokana na mwanaume aliyewahi kumfuatafuata Harry baada ya kuachana naye; ukijua hivyo, utaona kwa nini unatisha. Na kwenye "Fade Away and Radiate" gitaa linalolia kama upepo kwenye mabati ni la Robert Fripp wa kundi la King Crimson, mgeni mwalikwa. Usiku mmoja zima taa uusikilize huo. Wengi huuruka, na wanakosea.

Kazi ilipokamilika, wakubwa wa lebo waliisikiliza wakasema hawasikii wimbo wa kupanda chati, kwa hiyo bora irudiwe. Chapman akagoma kabisa. Tazama sasa santuri ya mjomba wako. "Heart of Glass" uko wapi? Upande wa pili, wa nne. Si wa kwanza wala wa pili. Mtu aliyepanga kujitajirisha kwa disko asingeuficha chini namna hiyo.

Jalada nalo lilizua ugomvi. Picha ni ya Edo Bertoglio: mistari minene nyeusi na nyeupe, wanaume watano wa suti nyeusi wakikenua meno, na katikati Debbie Harry, gauni jeupe, mikono kiunoni, amenuna. Lilikuwa wazo la meneja wao, Peter Leeds, na bendi haikulipenda. Ukikaa nalo utaelewa. Tangu zamani watu walidhani Blondie ni jina la mwanamke yule, hadi ikabidi vitengenezwe vibeji vya kutangaza kwamba Blondie ni kundi. Jalada lile likawageuza wanaume watano kuwa mapambo ya ukutani. Muda si mrefu wakaachana na Leeds. Hata hivyo kama kazi ya kuuza santuri, lilitimiza wajibu: unaliona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Albamu ilitoka Septemba 1978. Uingereza walipanga vizuri singo, yaani nyimbo za kuuzwa mojamoja. "Picture This" ilitangulia, ikafika nafasi ya 12, ikafuata "Hanging on the Telephone", nafasi ya 5. Januari 1979 ndipo wakaitoa "Heart of Glass", na mwezi uliofuata ikawa ya 1, ikauza zaidi ya nakala milioni moja nchini humo peke yake. Mwezi Mei "Sunday Girl" nayo ikashika nafasi ya 1. Parallel Lines ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1979.

Marekani walianza kwa mguu mbaya. Singo ya kwanza waliyoichagua ilikuwa "I'm Gonna Love You Too", wimbo wa zamani uliowahi kuimbwa na Buddy Holly, nyota wa roki wa miaka ya 1950. Labda walidhani Wamarekani wangeshikwa na kumbukumbu za ujana wao. Haikuingia hata kwenye chati. "Hanging on the Telephone" nayo ikapita bila mtu kugeuka. Ni "Heart of Glass" iliyofungua mlango, na Aprili 1979 ikafika nafasi ya 1, ikaivuta albamu nzima hadi nafasi ya 6. Yaani karibu miezi 7 tangu santuri iingie dukani. Hapo sioni kosa la bendi wala la prodyuza. Ni la aliyepanga foleni ya singo.

Ndipo zikaja lawama, na mjomba wako nadhani alizipokea kutoka kwenye magazeti ya wakati ule. Watu wa panki waliona usaliti. Ukumbuke hali ilivyokuwa: Marekani chuki dhidi ya disko ilikuwa imepanda, na tarehe 12 Julai mwaka huohuo, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, rundo la santuri za disko lililipuliwa mbele ya umati, uwanja ukavamiwa na mechi ikaharibika. Wengi wameandika kwamba ndani ya moto ule kulikuwa na dharau kwa watu weusi na mashoga, ambao ndio walioizaa disko, nami nakubaliana nao. Katika hewa ya namna hiyo, kundi la weupe kutoka CBGB kuimba disko bila kuomba radhi kulihitaji moyo. Kwa hiyo badala ya kuwaita wasaliti, mimi ningewaita wabishi.

Kuna kitu kimoja cha kukagua kwenye nakala uliyoachiwa. Pima muda wa "Heart of Glass". Ukiwa chini kidogo ya dakika 4, unalo toleo la mwanzo. Ukikaribia dakika 6, ni toleo refu la kuchezea, waliloliingiza kwenye baadhi ya nakala za baadaye baada ya wimbo kuvuma. Mwambie mjomba, atafurahi ama atanuna.

Kuhusu prodyuza wenu, siwezi kumhukumu bila kusikia kazi. Kuna anayerudisha wimbo kwa kuwa anasikia kitu, na kuna anayerudisha kwa kuwa hajui anachotafuta. Muulize swali moja: "Bosi, kipande gani hakijakaa?" Chapman angekujibu papo hapo, tena kwa ukali, ni kiki yako, vesi ya pili, unakimbia. Wenu akikujibu hivyo, rudi ukapige. Akikuambia tu "bado haina ladha", ombeni mapumziko mkanywe chai.

Ukimaliza chai, weka upande wa pili, wimbo wa nne, kaa na fimbo zako mbele ya spika, uhesabu pale vyombo vinapobaki peke yake. Mara ya kwanza pigo litakupotea. Mimi mwenyewe lilinipotea mara tatu.